Rupia haivuti mchele: dhana potofu za wauza sarafu wa Dar es Salaam

Juzi asubuhi, hata mlango sijaufungua vizuri, simu ikaita: "Kaka, mnanunua rupia ya Mjerumani? Yangu inavuta mchele." Saa nne ikaita nyingine, swali lile lile. Jioni akaja kijana kutoka Temeke, rupia yake kaifunga kwenye kitambaa chekundu, akaniomba nisiishike kwa mkono wa kushoto. Nimenunua na kuuza sarafu za zamani hapa mjini kwa miaka mingi, na nimechoka kulijibu hili, eti rupia inayovuta punje za mchele ina nguvu na inauzwa mamilioni, kwa mtu mmoja mmoja. Nalijibu hapa, kisha nitayagusa na mengine.

Dhana: Zipo rupia zenye nguvu, na mnunuzi wa kweli ni yule anayetaja mamilioni

Rupia ya Mjerumani ni kipande cha madini ya fedha, basi. Ilitengenezwa kati ya 1890 na 1914, ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 zake, 917 ni fedha halisi. Zilizobaki ni shaba. Za mwanzo zina jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na simba mbele ya mtende. Kuanzia 1904 zimeandikwa Deutsch-Ostafrika. Upande wa pili yupo Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma. Zilifuliwa Berlin, baadaye na Hamburg, kwa mamia ya maelfu, ndiyo maana hadi leo zinatoka kwenye masanduku ya bibi zetu. Fedha haivutwi na sumaku wala yenyewe haivuti chochote. Rupia inayonasa kwenye sumaku ni ya kughushi. Na punje ya mchele ikiganda kwenye sarafu, tafuta nta, mafuta au jasho la kiganja.

Sasa sikiliza mchezo unavyochezwa, maana karibu kila anayenijia ameshapitishwa humo. Anapiga mtu usiyemjua, sauti ya upole, anakuita mzee au mama. Ana tajiri kafikia hotelini, anatafuta rupia, atatoa milioni 80. Tuma picha. Picha ikifika: "Ndiyo yenyewe hiyo!" Kinachobaki ni mtaalamu wa kipimo, naye ana gharama zake, laki tatu. Ukitoa, kipimo kinaonesha nguvu imepungua, inabidi iamshwe, laki tano nyingine. Sarafu yenyewe hawaihitaji hata kidogo. Wanachonunua ni matumaini yako, na unayalipia wewe.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Mbagala na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na rupia mbili, heller za shaba, yaani visarafu vidogo vya Mjerumani, na senti kumi za tundu za Mwingereza, zote za marehemu baba yake aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa ameshatoa laki tatu na nusu kwa watu wa kipimo. Nikaweka rupia ya kwanza kwenye mizani, nikaigeuza mizani imwelekee yeye: gramu 11.4, imelika kidogo kwa kupita mikononi. Nikampa kioo cha kukuzia, nikamwonesha herufi ndogo A ya Berlin. Akatazama muda mrefu, akanyamaza, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwa hiyo hata wewe hutaki kuipima kwa mchele?" Nikamtuma kijana kwa mama ntilie wa jirani, akarudi na mchele kiganjani. Tukaumwaga juu ya rupia zote mbili. Ukateleza wote, ukatapakaa mezani. Alichopata kwangu kwa rupia zile mbili, nilivyomlipa vizuri kadiri ya soko, hakikufikia hata nusu ya alichokwisha kuwapa wale.

Kwa hiyo mtu akikutajia bei kabla hajaishika sarafu yako, awe ametaja elfu kumi au milioni kumi, hajataja bei. Bei inazaliwa mezani: uzito, mwaka, herufi ya kiwanda, ilivyochakaa, na wangapi wanaitafuta. Mnunuzi wa kuaminika anapima mbele yako, anakueleza kwa nini hii ni ghali na ile si ghali, ana leseni ukutani, anakuandikia hati ya mauziano, na ukisema unakwenda kuuliza kwingine hanuni. Watu wengi wanaona haya kuuliza mahali pawili, eti ni kumvunjia mtu heshima. Hapana. Kariakoo unazunguka maduka sita kwa ajili ya pazia, halafu urithi wa baba yako unauuza dirisha la kwanza?

Atakununulia kwa bei ya chini kuliko atakayouzia, hilo lijue. Analipa pango, na sarafu nyingine hukaa kabatini miaka miwili bila kuulizwa. Mnunuzi anayeapa kwamba hapati hata senti, anakusaidia tu, chukua kopo lako uondoke.

Na ushauri wangu ambao sichoki kuurudia: nunua kimizani kidogo cha kidijitali, kama wanavyotumia masonara. Pima kila sarafu nyumbani, andika uzito na mwaka kwenye karatasi, ubaki nayo. Rupia 11.66, nusu rupia 5.83, shilingi ya simba ya Mwingereza 7.78. Mtu akiona una karatasi, mazungumzo yanabadilika papo hapo. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Dhana: Ikiwa ya manjano, ni dhahabu

Nyingi ninazoletewa ni heller 20 za 1916, zenye taji na herufi T. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, Wajerumani wakazifua wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli. Ile manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Nyingine zimebaki na wekundu wa shaba. Dhahabu ilikuwepo kweli, ile ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, gramu 7.168, na ni ndogo kuliko heller 20. Zilitoka kama elfu kumi na sita tu. Ukiambiwa unayo, pima kwanza.

Dhana: Zisugue zing'ae ndipo upeleke

Usisugue! Ndimu, majivu, mchanga, dawa ya meno, vyote acha. Nimeletewa shilingi ambayo simba wake hana tena manyoya shingoni, kabaki kama mbwa, na mwenyewe anatabasamu kwa jinsi inavyometa. Mtafutaji wa sarafu anautaka ule weusi wa miaka. Ukishautoa haurudi, na thamani imekwenda nao.

Dhana: Sonara ndiye mtaalamu wa sarafu

Sonara ni mtaalamu wa madini. Atasugua sarafu kwenye jiwe, adondoshee tindikali, akulipe kwa gramu. Kwa shilingi ya Mwingereza iliyochakaa sina ugomvi naye, ingawa kumbuka za kati ya 1937 na 1946 zina robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 hazina kabisa. Lakini rupia mbili za 1893 au 1894, sarafu moja nzito ya gramu 23 na ushee ambayo ni adimu kweli, kuiyeyusha ili iwe bangili ni hasara ya kusikitisha.

Dhana: Imeandikwa 1780, basi ina zaidi ya miaka 240

Hiyo ni reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria. Malkia alifariki 1780, na tangu hapo zimeendelea kufuliwa katika nchi mbalimbali kwa mwaka ule ule. Ina uzito wa gramu 28, na zaidi ya 23 ni fedha halisi, inauzika, ila usiidai bei ya karne ya 18.

Dhana: Sarafu za Kilwa ni za aliyeziokota

Ni vishaba vidogo, vyembamba, havina mwaka. Upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande mbili hizo zinakwenda kwa vina kama shairi. Ukikishika kimoja kiganjani huamini. Sinunui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na mnunuzi atakayekuambia hilo halina shida hafai kuuziwa hata heller. Viweke kwenye bahasha, andika uliviokota wapi hasa, uvipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.