Je, wajua kwa nini laptop inakua bubu ukishaiapgredi?

Microsoft waliacha kuihudumia bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa iyo mtu anapeleka laptop yake Mwanjelwa, Mbeya, iwekwe 11, anarudi nayo Uyole, anafungua mziki, kimya. Kialama cha spika kipo pale chini, sauti hamna. Anachowaza ni spika zimeungua, na mara nyingi wala hazijaungua.

Iko hivi. Ndani kuna chipu ya sauti, laptop nyingi wanaweka ya Realtek wa Taiwan, kazi yake kugeuza namba za faili la mziki ziwe umeme wa kutikisa spika. Sasa chipu ina miguu kibao na kila kampuni ya laptop inaunga kivyake, huyu mguu kaupeleka kwenye spika, yule kwenye tundu la eafoni, mwingine kaweka na amplifaya pembeni ambayo isipoamshwa hakitoki kitu. Anayeijua ramani hiyo ni draiva, yaani kiprogramu kinachoielekeza Windows namna ya kuitumia chipu. Windows mpya ikikosa draiva ya laptop yako inaweka ya kwake ya jumla, chipu inaijua ila ramani haina, ndo maana kila kitu kinaonekana kizima afu hata mluzi hausikii.

Ila anza na la kijinga kwanza, bonyeza kile kialama uone sauti imeelekezwa wapi, maana kama laptop ilikua imechomekwa HDMI kwenye TV (wenye vibanda umiza mnanielewa) inaweza ikawa inatuma sauti huko.

Sio hilo? Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter, fungua sehemu ya Sound. Ukikuta High Definition Audio Device tu, hiyo ndo ya jumla. Ibonyeze mara mbili ifunguke Properties, kwenye Driver bonyeza Roll Back Driver, ya zamani irudi. Kikiwa kimefifia hakibonyezeki, nenda tovuti ya kampuni ya laptop ushushe draiva ya modeli yako hasa. Zile programu za kukutafutia draiva zote kwa mpigo mi sizishauri kabisa, zinakuja na matakataka.

Na fundi akikomaa kwamba spika zimekufa, mwambie aiwashe kwa fleshi ya Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kama Windows) bila kuiinstoo, apige mziki. Ikiimba, usilipie spika. Isipoimba bado hajashinda, maana Ubuntu nayo inaweza ikakosa ramani ile ile.