Suruali ya kinga ya chenso: inakatika, na ndivyo inavyokinga

Suruali ya kinga ya chenso, yaani msumeno wa cheni unaoendeshwa kwa injini au mota, ni vazi la miguu lenye matabaka ya nyuzi ndefu zilizolegea, lililotengenezwa ili cheni ya msumeno ikigusa mguu ijinase yenyewe na kusimama. Huja kwa sura mbili. Ipo suruali kamili, inayovaliwa kama suruali nyingine yoyote. Na ipo aproni ya miguu, yaani vipande viwili vizito vinavyoning'inia kutoka kwenye mkanda wa kiunoni na kufungwa kwa vifungo nyuma ya mapaja na mashavu ya miguu, juu ya suruali uliyokuja nayo kazini.

Anayeishika mara ya kwanza mara nyingi huvunjika moyo. Alitarajia kukuta bati au plastiki ngumu ndani, anakuta kitu laini kinachobonyea. Akiambiwa kwamba cheni itaikata ndiyo kabisa, anaona ametapeliwa. Lakini hapo ndipo ulipo mtambo wenyewe wa vazi hili. Hakuna nguo ya kuvalika ambayo meno ya chenso yatashindwa kuikata yakiachwa yazunguke, kwa hiyo waliobuni suruali hii waliacha kushindana na meno, wakaamua kuizuia cheni isizunguke.

Tuanze na mwendo wa hiyo cheni. Injini ya chenso ya petroli ya kazi za msituni ikipewa mafuta yote huzunguka mara 10,000 kwa dakika, na nyingi huzidi hapo. Ikiwa na sproketi (gurudumu dogo linaloizungusha cheni) ya meno 7 na cheni ya inchi 3/8, mizunguko hiyo 10,000 inaipa cheni mwendo wa mita 22 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, kabla hujatambua kwamba umeguswa, makumi ya meno yamekwisha kupita mahali pamoja. Ndiyo maana wepesi wa mtu, hata awe fundi wa miaka 20, hauingii kwenye hesabu.

Ukiipasua suruali iliyokwisha kazi yake utaona siri yote. Nje kuna kitambaa kigumu kiasi cha kustahimili miiba na vijiti. Chini yake kuna mashuka kadhaa meupe yamelala moja juu ya jingine, ya nyuzi za poliesta, nailoni, aramidi (Kevlar ni mojawapo) au polithini ngumu ya aina ya Dyneema. Mashuka haya yameshonwa pembeni tu, katikati yako huru. Shika uzi mmoja kwa vidole uvute: unakuja, unaendelea kuja, hauishi upesi. Huo urefu na huo ulegevu vimekusudiwa. Jino la kwanza la cheni linapasua kitambaa cha nje, linalofuata linanasa uzi na kuondoka nao, ya nyuma yanabeba mafungu mengine. Cheni inauchukua mzigo huo hadi chini ya kifuniko cha pembeni, ilipo sproketi, na huko nyuzi zinajiviringa, zinajaza kila nafasi na kukaba. Klachi, inayounganisha injini na sproketi, inateleza, cheni inasimama. Yote hayo ni ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Aliyewahi kumwona abiria wa bodaboda ambaye kanga yake imeingia kwenye cheni ya nyuma anajua kitambaa laini kinavyoweza kuishinda injini.

Baadaye chenso haitafanya kazi hadi ukae chini, ufungue nati za kifuniko kwa spana, utoe cheni, kisha uzing'oe nyuzi kwenye sproketi kwa koleo, fungu baada ya fungu. Ni kazi ya kuudhi, na mwenye mashine atanung'unika. Na suruali yenyewe imekwisha. Mahali palipotolewa nyuzi hapana kinga tena, na hakuna namna ya kuzirudisha.

Kwa nini miguu hasa? Kwa sababu chenso hushikwa mbele ya mwili, kati ya kiuno na magoti, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika huko chini: kukata matawi ya gogo lililolala, kukata vipande, kuhama kutoka tawi hadi tawi huku mashine inaunguruma. Mguu wa kushoto ndio ulio hatarini zaidi. Chenso zimeundwa kwa mkono wa kulia kukamata mpini wa nyuma wenye kitufe cha mafuta na wa kushoto kukamata mpini wa mbele, na hata mwenye shoto hushika hivyo hivyo. Tawi likikatika ghafla, uzito wa mashine na nguvu ya mikono vinaendelea na safari, na ule ubapa unaobeba cheni unashuka upande wa goti au paja la kushoto. Mara nyingi kidole kimeshaachia mafuta wakati huo, ila cheni bado inamalizia mwendo wake. Na ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache, huku kituo cha afya kikiwa mbali na barabara yenyewe ni ya magogo.

Suruali hizi hazilingani nguvu. Viwango vya Ulaya, ambavyo kwa miaka mingi vilijulikana kwa namba EN 381 na sasa ni EN ISO 11393, vinazipanga kwa madaraja kufuata mwendo wa cheni uliotumika kwenye jaribio. Daraja 0 ni mita 16 kwa sekunde, daraja 1 ni 20, daraja 2 ni 24, daraja 3 ni 28. Kwenye jaribio, msumeno wenye cheni inayozunguka kwa mwendo huo huangushwa juu ya sampuli ya kitambaa, kisha hukaguliwa kama tabaka la ndani kabisa limetoboka. Linganisha na hesabu ya mita 22 hapo juu, utaona kwamba daraja 1, ambalo ndilo linalouzwa sana, linaweza kuzidiwa na mashine iliyopewa mafuta yote. Bado lina faida kubwa, kwa kuwa ajali nyingi za mguuni hutokea cheni ikiwa inapungua mwendo. Ila asikudanganye muuzaji kwamba ukiivaa hukatiki. Inaweza kukuachia mchubuko, au jeraha la kushonwa. Tofauti yake na kutovaa kitu ni ile iliyopo kati ya kushonwa na kukatwa mguu.

Halafu kuna suala la eneo linalokingwa, ambalo watu hulipuuza kuliko daraja. Aina A ina kinga upande wa mbele wa miguu yote miwili, na kinga hiyo inaongezwa sentimita 5 kuzunguka upande wa ndani wa mguu wa kulia na upande wa nje wa mguu wa kushoto. Aina B inaongeza kipande upande wa ndani wa mguu wa kushoto. Aina C inazunguka mguu wote, mbele na nyuma. Ukisikia hivyo utasema basi kila mtu avae C. Ngoja kwanza. Matabaka ni mazito na hayapitishi hewa. Kwenye baridi ya asubuhi ya Mufindi, katika mashamba ya misindano ya Sao Hill, unaweza hata kuifurahia. Kwenye misitu ya miombo ya Kilwa au Tunduru, saa sita mchana, aina C itamchemsha mtu, na mtu aliyechoka kwa joto hufanya makosa, au huivua na kuitundika kwenye tawi. Kwa hiyo aina A ndiyo ya kawaida kwa mkataji aliyefundishwa anayefanya kazi amesimama ardhini. C ni ya asiyezoea chenso, na ya anayepanda juu ya mti, kwa sababu huko juu miguu inakaa pande zisizotabirika na cheni inaweza kufika nyuma ya paja.

Jinzi si mbadala. Wala ovaroli nzito, wala suruali mbili kwa pamoja. Uzi wa pamba ni mfupi na umefumwa ukakazwa, kwa hiyo cheni inaukata vipande vidogo na kuvitema, hauna urefu wa kufika kwenye sproketi ukajiviringa. Gambuti ya kawaida ya kilimo nayo hukatika bila kelele. Suruali inaishia kwenye kifundo, na kutoka hapo kwenda chini kinga inatakiwa itoke kwenye buti za chenso zenye ncha ya chuma na matabaka mbele. Urefu wa suruali uwe wa kuifikia buti, hata mtu akipiga goti. Ikipanda juu ukiinama, umeacha mwanya mahali ambapo msumeno hushuka.

Utunzaji ndiko suruali nyingi zinakofia, na zinakufa bila mwenyewe kujua. Oili ya cheni na vumbi la mbao vikiingia ndani, nyuzi zinagandana, na zikigandana haziwezi kuchomoka. Kwa hiyo hufuliwa mara kwa mara, kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyochemka, na kuanikwa zikauke zenyewe. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hudhoofisha nyuzi, na pasi na moto huziharibu. Lile bomba la presha la kuoshea magari, ambalo najua linavutia, linazisukuma nyuzi zikajikusanya upande mmoja. Kosa baya kuliko yote linafanywa kwa nia njema: suruali imechanika kidogo kwa mwiba, inapelekwa kwa fundi cherehani, naye anapiga mishono mizuri kupitia matabaka yote. Sasa nyuzi zimefungwa mahali pale pale, cheni ikija zitakatika pale pale. Kitambaa cha nje kinaweza kuzibwa kiraka cha juu juu, lakini sindano isiguse kilicho ndani. Na kama aliyeichana ni cheni, hata kama ni kidogo, usiizibe, achana nayo.

Mambo hayo ndiyo ya kukagua ukikutana na suruali ya namna hii kwenye mitumba. Tafuta lebo yenye picha ya ngao na msumeno ndani yake, pamoja na daraja. Isipokuwa na lebo, ihesabu kuwa suruali ya kawaida. Papasa mapaja yote mawili kwa viganja: unene uwe sawa, pasiwe na bonge wala pengo. Geuza ndani nje utafute mishono iliyoongezwa.

Siku hizi chenso za betri zimeanza kuonekana, na hapa pana jambo la kujua. Injini ya petroli ikikabwa klachi huteleza. Mota ya umeme ina nguvu ya mzunguko hata ikiwa kwenye mwendo mdogo, kwa hiyo inaweza kuendelea kulazimisha cheni wakati nyuzi zinajaribu kuikaba. Usidhani suruali ile ile inatoa kinga ile ile, na usome maelezo ya watengenezaji wa pande zote mbili. Vilevile haifai kwa mashine ya kufyekea majani wala grainda. Hizo hazina cheni wala sproketi ya kukabwa, na diski haisimamishwi na nyuzi.

Nani anunue? Marekani kanuni ya shirikisho ya kazi za magogo, 29 CFR 1910.266, iliyoanza kutumika mwaka 1995, inamtaka mwajiri ampe mwendesha chenso kinga ya miguu bila malipo, kuanzia juu ya paja hadi juu ya buti. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama wa kazi za misitu, wa mwaka 1998, nao unaitaja suruali ya kinga kwa kazi za chenso. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinamtwika mwajiri jukumu la vifaa vya kinga. Tatizo ni kwamba mkataji wetu mara nyingi hana mwajiri wa kumnyooshea kidole. Analipwa kwa mti au kwa ubao, mashine ni ya tajiri mmoja, kibali ni cha mwingine, naye ameletwa na dalali. Cheni mpya inapatikana siku hiyo hiyo, kwa kuwa iliyo butu inapunguza mbao. Suruali inasubiri msimu ujao. Maoni yangu ni kwamba anayemiliki chenso na kuikodisha aihesabu suruali kuwa sehemu ya mashine, itoke na kurudi nayo, kama zinavyotoka spana na tupa.

Kuna na yule msaidizi anayeshikilia gogo wakati wa kupasua mbao, hatua moja tu kutoka kwenye ubapa, kavaa kaptula na kandambili. Hakuna suruali inayotosha kumweka mtu hapo. Gogo likazwe kwa kabari na vigingi, yeye asogee mbali, arudi cheni ikiwa imesimama na breki imefungwa.