Je, Wajua Kwa Nini Urusi Iliunda Batalioni za Wanawake Mwaka 1917?

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanawake wa mataifa mengi ya Ulaya walivaa sare za jeshi, lakini karibu wote walipangiwa uuguzi, udereva, upishi na ukarani mbali na mstari wa mapigano. Serikali ya Urusi ilikwenda hatua moja mbele: mwaka 1917 iliidhinisha vikosi vizima vya wanawake, ikawapa bunduki, na kikosi kimojawapo kikapelekwa kwenye mahandaki kupambana na Wajerumani. Kwa kuwa mwaka huo huo ndio wa mapinduzi, wasomaji wengi hudhani kwamba hilo lilikuwa tunda la usawa wa jinsia. Dhana hiyo ina ukweli kiasi, maana Serikali ya Muda iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka huo. Hata hivyo, wakubwa wa jeshi waliopitisha mpango ule walikuwa na shabaha nyingine, nao hawakuificha: walitaka kuwatia haya wanaume.

Jeshi la Urusi lilikuwa limechoka. Mfalme Nicholas II alijiuzulu Machi 1917, na Serikali ya Muda iliyoshika madaraka ikaamua kuendelea na vita bega kwa bega na Ufaransa na Uingereza. Askari wa kawaida, ambao wengi wao walikuwa wakulima, hawakuona faida ya uamuzi huo. Baraza la wafanyakazi na askari la Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, lilikuwa limetoa amri iliyoruhusu kila kikosi kuchagua kamati yake, na punde kamati hizo zikaanza kujadili kama amri ya kushambulia itiiwe au la. Adhabu ya kifo ilikuwa imefutwa, na watoro wakazidi kuongezeka. Alexander Kerensky, waziri wa vita, alikuwa akiandaa shambulio kubwa katika kiangazi cha mwaka huo, lakini hakuwa na hakika kwamba askari wake wangetoka mahandakini.

Ndipo alipojitokeza Maria Bochkareva. Alizaliwa mwaka 1889 katika familia ya wakulima maskini, akakulia Siberia, na aliolewa akiwa na umri wa miaka 15 na mume aliyempiga. Vita vilipoanza mwaka 1914, alimpelekea mfalme simu ya maandishi akiomba ruhusa ya kuwa askari, na ruhusa ikatolewa. Urusi ilikuwa imewahi kuona mwanamke vitani: zaidi ya miaka 100 kabla yake, Nadezhda Durova alijiunga na wapanda farasi akiwa amevaa kiume, akapigana dhidi ya Napoleon na kupanda hadi cheo cha afisa. Durova, hata hivyo, aliingia kwa kujificha, na siri ilipofichuka mfalme alimwacha aendelee kutumikia kwa jina la kiume. Bochkareva hakujificha. Wenzake walimcheka mwanzoni, kisha wakamzoea na kumwita Yashka. Kufikia mwaka 1917 alikuwa amejeruhiwa mara kadhaa na kuvikwa nishani za ushujaa.

Mwezi Mei mwaka huo alipendekeza kwa wakuu wa jeshi kiundwe kikosi cha wanawake watupu, kwa hoja kwamba wanaume wakiwaona wanawake wakisonga mbele, aibu itawasukuma kuwafuata. Kerensky alikubali. Wakaitikia wito wanawake wapatao 2,000, miongoni mwao wanafunzi, wauguzi, vibarua wa viwandani, wakulima, na hata binti wa admeri. Si wote walioongozwa na hoja ya aibu. Wapo waliokuwa wamefiwa na ndugu vitani, wapo waliokimbia nyumba zisizokalika, na wapo walioamini kwamba haki za uraia zilizokuwa njiani zingethibitishwa kwa kushika silaha. Walinyolewa vichwa, wakafundishwa kutumia bunduki kwa wiki chache tu, na kikosi kikaitwa Batalioni ya Kifo, jina lililotumika wakati huo pia kwa vikosi vya wanaume vilivyoapa kupigana hadi mwisho. Bochkareva alikataa katakata kamati za askari na kuongoza kwa ukali wa jeshi la zamani, akipiga makofi na kufukuza, hata wengi wakaondoka. Walibaki kama 300. Kamanda aliyekimbia kipigo cha mume akatawala kwa kipigo. Sioni sababu ya kulipamba jambo hilo.

Julai 1917 batalioni iliwekwa karibu na mji wa Smorgon, ambao leo uko Belarusi. Amri ya kushambulia ilipotolewa, vikosi vya wanaume vilivyokuwa jirani viliitisha mikutano na kujadiliana kwa saa nyingi. Wanawake hao, pamoja na maafisa na baadhi ya askari wanaume waliojiunga nao, walikata shauri kwenda bila kusubiri. Baadhi ya wanaume waliwafuata, mahandaki ya Wajerumani yakatekwa, na mateka wakapatikana. Lakini msaada uliotarajiwa haukufika, na hatimaye ikabidi warudi nyuma wakiwa na majeruhi wengi, Bochkareva akiwa mmoja wao.

Kwa hiyo kama swali ni iwapo wanawake waliweza kupigana, Smorgon ilikwisha kulijibu. Swali la iwapo aibu ingeliokoa jeshi nalo lilipata jibu, ila la kukatisha tamaa. Wanaume wale hawakukaa mahandakini kwa kukosa ujasiri, kwa kuwa wengi walikuwa wamepigana karibu miaka mitatu. Walitaka amani, na walitaka kuwa nyumbani ardhi itakapogawanywa. Wanawake waliojitolea walionekana kwao kama watu wa kurefusha vita, wakatukanwa na kutishiwa na askari wa upande wao wenyewe. Wakuu wa jeshi walipoona hivyo, hamu yao ya kuunda vikosi zaidi ikapoa.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana. Wanawake waliokuwa katika Kasri la Majira ya Baridi, makao ya Serikali ya Muda mjini Petrograd, usiku ambao Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin, walichukua madaraka hawakuwa wa Bochkareva. Walikuwa kompania moja, watu wapatao 140, kutoka batalioni nyingine iliyoundwa Petrograd. Walijisalimisha usiku huo. Baadaye vikosi vyote vya aina hiyo vilivunjwa. Bochkareva mwenyewe alisafiri hadi Marekani mwaka 1918, akakutana na Rais Woodrow Wilson kuomba msaada wa kijeshi dhidi ya Wabolsheviki, kisha akarejea Urusi na kukamatwa. Alipigwa risasi Krasnoyarsk mwaka 1920, na jina lake likasafishwa rasmi mwaka 1992.

Miaka 20 na ushee baadaye, serikali ya Kisovieti, iliyoanzishwa na Wabolsheviki wale wale, iliwaita wanawake tena, safari hii kwa sababu tofauti. Ujerumani ilipovamia mwaka 1941, wasichana wengi walijipanga kwenye ofisi za kuandikisha askari, na wengi wakarudishwa nyumbani. Msimamo ulilegea maji yalipofika shingoni: kufikia mwisho wa mwaka huo jeshi lilikuwa limepoteza watu zaidi ya milioni 3 kwa kuuawa, kutekwa au kutojulikana walipo. Mwaka 1942 ikatolewa amri ya kuwaingiza wasichana 100,000 katika ulinzi wa anga, ili wanaume waliokuwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege wapelekwe kwa askari wa miguu. Haikuwa aibu tena. Ilikuwa hesabu ya watu.

Kwa jumla wanawake wapatao 800,000 walitumikia katika jeshi la Kisovieti. Marina Raskova, mwelekezi wa safari za anga aliyekuwa maarufu tangu mwaka 1938, alipata kibali cha kuunda rejimenti tatu za ndege. Mojawapo, ya 588, ilirusha ndege za Po-2 zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa, zilizobuniwa kwa ajili ya wanafunzi wa urubani. Marubani walizima injini walipokaribia shabaha, wakateleza kimya na kudondosha mabomu, hata Wajerumani wakawaita wachawi wa usiku. Lyudmila Pavlichenko, mdunguaji mzaliwa wa Ukraine, alihesabiwa maadui 309, na mwaka 1943 shule maalumu ya kuwafundisha wanawake udunguaji ilianzishwa karibu na Moscow.

Vita vilipokwisha, wengi wao waliruhusiwa kurudi uraiani mwaka huo huo wa 1945, na rejimenti ya Po-2 ikavunjwa. Julai 1945 Mikhail Kalinin, mkuu wa nchi kwa cheo, aliwahutubia wasichana waliotoka jeshini, akawasifu, kisha akawashauri wasijivune wala wasisimulie wenyewe waliyoyatenda vitani, bali wawaachie wengine wayaseme.