The Bling Ring: mlango haukuwa umefungwa

Kuna nyumba ya vioo juu ya kilima Los Angeles. Ni usiku, na kamera imesimama mbali kama jirani aliyetoka nje kupunga upepo. Vijana wawili wanaingia. Kupitia vioo unawaona wakipita chumba hadi chumba, wadogo kama sisimizi, wanafungua makabati, wanabeba, wanatoka. Hakuna muziki wa kukupandisha presha. Picha haikatwi hata mara moja, kamera inajongea tu polepole huku sauti za jiji zikisikika kwa mbali. Nyumba hiyo ni ya Audrina Patridge, staa wa televisheni, kama Sofia Coppola alivyoionesha katika The Bling Ring, filamu yake ya mwaka 2013.

Nimekutana na watu kadhaa walioitazama filamu hii, na wengi zaidi wanaoisimulia bila kuitazama. Masimulizi yao hayafanani na nilichokiona kupitia vile vioo, kwa hiyo nimeyakusanya hapa nikayapitia.

"Ni hadithi ya kutunga"

Ingekuwa ya kutunga, mhariri angeikataa kwa kukosa mantiki. Kati ya Oktoba 2008 na Agosti 2009, kikundi cha vijana kutoka Calabasas na maeneo ya jirani, magharibi mwa Los Angeles, kiliingia katika nyumba za mastaa na kuondoka na mali iliyokadiriwa kuzidi dola milioni 3. Walioibiwa ni pamoja na Paris Hilton, Rachel Bilson, Orlando Bloom, Lindsay Lohan, huyo Patridge, na nyumba waliyokuwa wakiishi Brian Austin Green na Megan Fox. Mwaka 2010 mwandishi Nancy Jo Sales aliandika makala ndefu katika jarida la Vanity Fair, na makala hiyo ndiyo Coppola aliyoitengenezea filamu.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukasema kila kitu ni ukweli mtupu. Coppola alibadilisha majina yote ya vijana. Marc, Rebecca, Nicki, Sam na Chloe ni wahusika waliofinyangwa, wengine kwa kufuata watu halisi kwa karibu sana, wengine kwa kuokoteza hapa na pale. Hata hilo jina la kikundi, Bling Ring, yaani genge la vito vya kung'aa, wao hawakujipa. Ni la waandishi wa habari, ambao walijua kabisa kwamba kichwa cha habari chenye vina huuza gazeti.

Halafu kuna mkanganyiko wa kizembe ambao ulinikuta mimi mwenyewe. Mara ya kwanza niliwekewa muvi hii kwenye flashi, nikatazama karibu yote nikijiuliza Coppola amepatwa na nini. Kumbe kuna filamu nyingine ya televisheni ya mwaka 2011, jina lilelile, kisa kilekile. Ukiona Emma Watson hayumo, uko kwenye muvi siyo.

"Walikuwa watoto tu"

Walipokamatwa wengi wao walikuwa na miaka 18 au 19, na mahakama iliwashughulikia kama watu wazima. Zaidi ya hapo, nyuma yao walikuwapo wanaume wakubwa kiumri, watu wa klabu za usiku, walioshtakiwa pia katika kesi hiyo. Saa ya Rolex huwezi kuiuza shuleni. Lazima awepo wa kuipokea. Filamu inampa nafasi mtu wa aina hiyo kupitia Ricky, anayeigizwa na mwanamuziki Gavin Rossdale, lakini anapita haraka na ukipepesa macho unamkosa. Hapo ndipo ninapoilaumu filamu kidogo, maana bila soko la mali ya wizi hiki kisa kingebaki kuwa cha vijana wanaojaribisha nguo za watu.

"Shida ndiyo iliyowatuma"

Calabasas ni mji wa mageti, ambako mastaa wenyewe wana majumba. Si kila kijana katika kesi hiyo alitoka nyumba ya kitajiri, na filamu imewasawazisha zaidi kuliko walivyokuwa, lakini hakuna aliyeiba ili apate kula. Wasikilize wanapokuwa ndani ya makabati ya watu: wanataja majina ya wabunifu wa nguo kama msomi anavyotaja vitabu. Wanajua gauni lile lilivaliwa usiku gani na nani. Nguo yenyewe wangeweza kuinunua kwa pesa ya mzazi. Ambacho hakiuzwi dukani ni gauni ambalo Paris Hilton amelivaa, na kitanda chake ukakikalia. Marc anaondoka na viatu virefu vya rangi ya waridi, kisha anavivaa peke yake chumbani kwake. Hakuna wa kumwuzia, hakuna wa kumwonesha. Kwangu hiyo ndiyo picha inayoeleza kesi nzima.

"Wezi wa kompyuta, wanavunja mitambo ya ulinzi"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu filamu zimetuzoesha wizi wa mastaa uwe na miale myekundu, kamba kutoka darini na kijana mwenye miwani anayebofya kompyuta kwenye gari la kufunika. Hapa hakuna hata kimoja.

Njia yao ilikuwa hii. Wanafungua tovuti za udaku na kusoma nani yuko wapi. Fulani yuko Miami kwenye sherehe, fulani anarekodi nje ya nchi. Anwani ya nyumba inapatikana mtandaoni, na ramani ya Google inawaonesha geti, ukuta na njia ya kupanda kilima. Wanawasha gari. Wakifika wanajaribu mlango, na mara nyingi mlango unafunguka. Kwa Hilton ufunguo ulikuwa chini ya kizulia cha kupangusia miguu. Yaani pale pale ambapo shangazi yako huuacha akienda sokoni. Kwenye filamu, mdogo wao anapenyezwa kwenye kitundu cha mbwa nyumbani kwa Megan Fox, kisha anawafungulia wenzake.

Nyumba ya Patridge iliibiwa usiku wa tarehe 22 Februari 2009, usiku wa tuzo za Oscar. Hesabu ya wezi ilikuwa rahisi: usiku wa namna ile, staa gani yuko kwake anakunja nguo?

Na nyumba ya Hilton hawakuingia mara moja. Waliirudia mara kadhaa, wakichukua kidogo kidogo, na mwenyewe hakushtuka mpaka vito vya thamani kubwa vilipotoweka mwishoni mwa 2008. Coppola alirekodi sehemu hizo ndani ya nyumba yenyewe ya Hilton, ambaye aliiazima na akapita mbele ya kamera kwa sekunde chache katika eneo la klabu. Kwa hiyo viatu vilivyopangwa kama duka, chumba alichokigeuza klabu na mito ya kochi yenye sura yake si kazi ya wapamba jukwaa. Ukiviona unaanza kuelewa kwa nini hakugundua. Katika stoo ya namna ile, ukipunguza jozi tano za viatu umepunguza nini?

Kuna wanaosema, sasa kama mlango ulikuwa wazi, hiyo nayo ni kuvunja nyumba? Ndiyo. Sheria ya California haidai kitasa kivunjwe. Kuingia kwa nia ya kuiba kunatosha. Wala usidhani ni ukali wa Wamarekani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, na ile ya Kenya, Sura ya 63, zinahesabu kuwa ni kuvunja hata kusukuma mlango uliorudishiwa tu, au kuufungua kwa ufunguo. Neno "kuvunja" linatupoteza kwa sababu masikio yetu yanasubiri kishindo.

"Instagram ndiyo iliyowaharibu"

Instagram ilianza Oktoba 2010. Wakati huo vijana hawa walikuwa wameshakamatwa zamani na kesi iko mahakamani. Walichokuwa nacho ni Facebook, ambako kwenye filamu wanajipiga picha na mali za watu na kuzibandika bila wasiwasi, pamoja na hizo tovuti za udaku. Tunaielekeza hadithi hii kwa simu zetu za leo kwa sababu inatukaa vizuri sana, lakini kiu ya kiki ilikuwapo kabla ya mtandao huo. Msichana mmoja wa kesi hii alikuwa akirekodiwa kipindi cha televisheni cha maisha halisi ya familia yake wakati polisi wanamkamata, na kesi ikawa sehemu ya kipindi. Kilirushwa mwaka 2010.

"Emma Watson ndiye kinara"

Kwenye bango, ndiyo. Ndani ya filamu kinara ni Rebecca, anayeigizwa na Katie Chang ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, na anayetusimulia ni Marc, yaani Israel Broussard. Nicki wa Watson ni wa pembeni anayeiba kila onesho analotokea, na ni haki yake. Watu walikuwa bado wanamwona kama yule mwanafunzi wa uchawi wa filamu za Harry Potter, ghafla anatoka na lafudhi ya Calabasas akiwaambia waandishi nje ya mahakama kuhusu karma na mafunzo ya kiroho kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa.

"Filamu inasifia wizi"

Lawama hii ilitolewa tangu filamu ilipooneshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei 2013, ambako ilifungua kitengo cha Un Certain Regard. Naielewa inakotoka. Coppola hahukumu. Hakuna mzazi anayelia, hakuna mwathirika anayehutubia, hakuna polisi mwenye hekima za uzee. Kuna kuingia, kubeba, kujirusha klabu, kupiga picha, kisha mambo yaleyale tena, na katikati ya filamu unaanza kuchoka. Mimi naamini huo uchovu umewekwa makusudi. Nyumba ya pili inafurahisha, ya nne unatazama saa. Rudi kwenye ile nyumba ya vioo: angetaka kuwasifia angesogeza kamera karibu, tuone nyuso zao na mapigo ya shingo. Yeye amewaacha mbali, wasioweza hata kutofautishwa. Aliyeshika kamera, Harris Savides, alifariki Oktoba 2012 kabla filamu haijatoka, ikakamilishwa na Christopher Blauvelt, na Coppola akamtunukia Savides kazi hiyo.

"Wote waliachiwa kwa sababu ya pesa za wazazi"

Hukumu zilitofautiana. Aliyetajwa kuwa kiongozi alihukumiwa miaka 4 mwaka 2011 na kutoka mapema 2013, miezi michache kabla filamu haijaanza kuoneshwa kumbini. Wengine walipata vifungo vifupi au vya nje. Lakini kuna jambo lililoiyumbisha kesi ambalo mshabiki wa filamu anapaswa kulijua: mpelelezi mkuu wa kesi alilipwa kuwa mshauri wa filamu hiyohiyo, na akaonekana humo kwa muda mfupi, huku baadhi ya washtakiwa bado hawajahukumiwa. Mawakili wa utetezi hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Yule msichana wa kipindi cha televisheni alihukumiwa miezi 6 akakaa kama siku 30. Katika gereza la Lynwood, mwaka 2010, seli ya jirani ikaletwa mfungwa mpya aliyekuja kwa makosa yake mwenyewe: Lindsay Lohan, mmoja wa walioibiwa. Coppola hakuhitaji kubuni mwisho. Nicki anaketi studio, anaulizwa kuhusu gerezani, na mazungumzo yanahamia papo hapo kwa Lohan. Anajibu kwa ufasaha, kisha anageukia kamera na kutaja tovuti yake.