Mageuko ya viumbe na mbu asiyekufa kwa dawa

Mageuko ya viumbe ni mabadiliko ya sifa za kurithi ndani ya jamii ya viumbe wa aina moja, yanayotokea kizazi baada ya kizazi. Kila sehemu ya maelezo hayo ina uzito wake. Sifa inayohusika ni lazima iwe ya kurithi, yaani ipite kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto kupitia vinasaba. Kovu la mguuni halirithiwi, rangi ya macho hurithiwa. Kinachobadilika ni jamii, kwa maana kwamba wenye sifa fulani huzidi kuwa wengi au huzidi kuwa wachache wakilinganishwa na wenzao. Na kipimo cha muda ni vizazi, si miaka, ndiyo maana mdudu anayezaliana kila baada ya wiki chache anaweza kubadilika mbele ya macho yetu, wakati mabadiliko ya kiasi hicho hicho kwa mnyama kama tembo huhitaji miongo mingi.

Njia kuu inayosukuma mabadiliko haya ni uteuzi asilia, wazo ambalo Charles Darwin na Alfred Russel Wallace walilifikia kila mmoja kivyake, na ambalo maandishi yao yalisomwa pamoja mjini London mwaka 1858. Wazo lenyewe si gumu. Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa, baadhi ya tofauti zao hurithiwa, wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaofikia kuzaa, na wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mazingira waliyomo huacha watoto wengi zaidi. Ugumu hujitokeza tunapojaribu kulieleza kwa tukio halisi, na hapo ndipo maelezo mengi yanapopotoka.

Tukio lililo karibu nasi ni la mbu. Tangu vyandarua vyenye dawa vilipoenea Afrika Mashariki, watu wengi wamekuwa wakieleza kwamba dawa imepungua nguvu kwa sababu mbu wameizoea. Maelezo hayo yanaeleweka, kwani sisi wenyewe huzoea mambo: mtu wa pwani akihamia nyanda za juu sana, mwili wake huongeza chembe nyekundu za damu, na baada ya muda hahemi tena kama siku za kwanza. Lakini hayo ni marekebisho ya mwili mmoja katika maisha yake. Akirudi pwani hupotea, na mtoto wake hazaliwi nayo. Yanayowapata mbu ni jambo jingine kabisa, na anayeyachanganya mawili haya hawezi kuelewa kwa nini dawa mpya nazo hushindwa.

Mbu jike wa jamii ya Anopheles, anayeeneza malaria, hutaga mayai yapatayo 50 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, na katika joto la kwetu yai huwa mbu kamili baada ya wiki moja hadi mbili hivi. Kila mara vinasaba vinaponakiliwa kwa ajili ya kizazi kipya, makosa madogo hutokea. Mengi ya makosa hayo hayana athari yoyote, mengine hudhuru, na machache sana huja kuwa na faida katika mazingira fulani. Hayatokei kwa sababu mbu anayahitaji. Hutokea ovyo, na kwa kuwa mazalia ya kijiji kimoja tu huweza kutoa mbu wengi mno katika msimu wa mvua, hata kosa la nadra sana halikosi kupatikana mahali fulani.

Dawa iliyotumika kwenye vyandarua kwa muda mrefu ni ya kundi la pairethroidi, lililotengenezwa viwandani kwa kuiga kemikali za ua la pareto, zao ambalo wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wanalifahamu vizuri. Mbu anapotua kwenye chandarua, dawa hupenya kupitia miguu na kufika kwenye neva. Huko hujibandika kwenye protini iliyo kama mlango wa kupitisha sodiamu, ikauzuia usifunge. Neva zinarusha ishara mfululizo bila kupumzika, mbu anatetemeka, anaanguka, anakufa. Sasa, katika baadhi ya mbu kipande kimoja kidogo cha protini hiyo, kilichoko katika nafasi ya 1014, kimebadilika: badala ya asidi amino ya leusini kuna serini au fenilalanini. Badiliko hilo linatosha kuifanya dawa isishike sawasawa. Mlango unafungwa, na mbu anaondoka.

Dawa haikumbadilisha mbu huyo. Ilimkuta hivyo. Kazi ya dawa ni kama ya chekecheke, ambayo haibadilishi punje hata moja bali huamua zipi zipite na zipi zibaki. Waliokuwa na protini ya kawaida wakafa bila kutaga. Wachache waliokuwa na badiliko wakataga, na watoto wao wakalirithi. Magharibi mwa Kenya, badiliko la serini lilikuwa nadra katika miaka ya 1990 miongoni mwa mbu wa spishi ya Anopheles gambiae. Vyandarua vilipoenea katika muongo uliofuata lilipanda mwaka hadi mwaka, na ilipofika karibu mwaka 2010 lilikuwa limeenea kwa karibu kila mbu wa spishi hiyo aliyepimwa huko. Hatuna haja ya kusubiri visukuku vya mamilioni ya miaka ili tuone mageuko.

Namna usugu huu unavyopimwa inasaidia kuona jambo lenyewe. Mtaalamu huchukua mbu majike wenye umri wa siku tatu hadi tano ambao hawajanyonya damu, kiasi cha 20 hadi 25, na kuwapuliza taratibu ndani ya mrija wa plastiki wenye alama nyekundu, uliozungushiwa kwa ndani karatasi iliyolowekwa dawa ya kiwango maalumu. Wanakaa humo kwa saa moja. Kisha huhamishiwa kwenye mrija wenye alama ya kijani usio na dawa, wakawekewa pamba yenye maji ya sukari, na baada ya saa 24 wafu huhesabiwa. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado inafanya kazi. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Mbu mmoja mmoja katika mrija huo ama amekufa ama amepona, na jibu lake lilikuwa tayari mwilini kabla hajaingizwa. Kinachoweza kubadilika mwaka unaofuata, kipimo hicho kikirudiwa kijiji kile kile, ni asilimia.

Huenda msomaji akauliza ushahidi uko wapi kwamba badiliko linaweza kutangulia dawa. Mojawapo ya ushahidi ninaouona kuwa wa kuvutia zaidi unatoka Australia, kwa inzi anayewashambulia kondoo. Dawa za jamii ya ogani-fosfati zilianza kutumika dhidi yake karibu mwaka 1950, na usugu ukafuata. Watafiti walikwenda kwenye mikusanyo ya makumbusho, wakachukua inzi waliochomekwa pini miaka mingi kabla ya dawa hizo kuwapo, wakasoma vinasaba vyao. Badiliko linalompa inzi usugu dhidi ya malathioni, mojawapo ya dawa hizo, lilikuwamo tayari. Inzi hao walikuwa wameishi na kufa bila kuonja dawa hiyo.

Njia za usugu si moja. Mbu wengine wana neva za kawaida kabisa, lakini miili yao huzalisha kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika inakokusudiwa. Wengine wana ngozi nene zaidi miguuni, na dawa hupenya polepole. Uteuzi asilia hauchagui njia bora kwa mpango, bali huendeleza lolote lililopo na linalofaa kwa wakati huo. Kwa sababu hiyo pia usugu dhidi ya dawa moja unaweza kufungua mlango kwa nyingine: DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, hulenga protini ile ile inayolengwa na pairethroidi, kwa hiyo badiliko linalomkinga mbu dhidi ya moja huweza kumkinga dhidi ya zote mbili.

Ni lazima hapa tuwe waangalifu, kwa sababu si kila badiliko linaloonekana kwa mbu ni mageuko. Katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, kama ilivyokuwa magharibi mwa Kenya, vyandarua vilipoenea Anopheles gambiae walipungua sana na sehemu kubwa ya waliobaki ikawa Anopheles arabiensis, ambao huuma ng'ombe pia na mara nyingi huuma nje ya nyumba. Spishi hizi mbili hazitofautishwi kwa macho. Hutambuliwa kwa kupima DNA. Mtu asiyepima angeweza kusema kwamba mbu wamebadili tabia na kuhamia nje. Kumbe spishi moja imepungua na nyingine imebaki, na hakuna iliyogeuka. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayepanga kinga, kwani chandarua kipya hakimfikii mbu anayeuma uani saa moja jioni.

Kwa wanyama wakubwa mambo huenda kwa utaratibu huo huo, ila polepole. Katika mbuga ya Gorongosa nchini Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1977 hadi 1992 viliambatana na mauaji ya tembo kwa ajili ya pembe, na zaidi ya asilimia 90 ya tembo wa mbuga hiyo walitoweka. Tembo majike wasio na pembe walikuwapo tangu mwanzo, lakini kwa kuwa mwindaji hakuwa na sababu ya kuwapiga risasi, walinusurika kwa uwiano mkubwa zaidi na kuzaa. Miongoni mwa majike waliozaliwa baada ya vita, takriban theluthi moja hawana pembe. Faida hiyo ina gharama yake: kinasaba kinachohusika kinaelekea kuwaua madume wakiwa bado tumboni, na hivyo tembo dume asiye na pembe haonekani Gorongosa.

Mifano yote hiyo inahusu mabadiliko ndani ya spishi moja. Ili spishi mpya ipatikane, sehemu mbili za jamii moja ni lazima ziache kuzaliana, kila moja ikafuata njia yake. Samaki aina ya furu wa Ziwa Victoria wanaonyesha hilo kwa uwazi wa ajabu. Ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena wametokea humo spishi zipatazo 500 za furu, kasi ambayo kwa samaki ni kubwa mno. Iliwezekana kwa sababu mababu zao walikuwa machotara wa koo mbili za kale, kwa hiyo hazina ya tofauti ilikuwapo tayari, kama ilivyokuwapo kwa inzi wa Australia. Spishi mbili za karibu ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu na huishi juu juu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu na huishi chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa rangi nyekundu. Macho ya kila spishi huona vyema zaidi rangi ya mwanga wa kina chake, na jike huchagua dume la rangi inayomng'aria. Penye maji maangavu, kama kwenye kisiwa cha Makobe, hawachanganyiki. Penye maji machafu ya ghuba, ambako rangi hazionekani vizuri, huchanganyika na mpaka kati yao hufutika. Uchafuzi wa ziwa unaweza hivyo kuifuta spishi bila kumuua samaki hata mmoja.

Kuelewa utaratibu huu kumebadilisha vyandarua vyenyewe. Katika majaribio ya Muleba, mkoani Kagera, vilitumika vyandarua ambavyo, pamoja na pairethroidi, vina kemikali iitwayo PBO inayovizima vile vimeng'enya vya mbu, na vikafanya vizuri kuliko vya zamani. Baadaye Misungwi, mkoani Mwanza, vilijaribiwa vyandarua vyenye pairethroidi na klofenapiri, dawa ambayo haigusi neva bali huikatia seli nishati. Klofenapiri ikiingia mwilini mwa mdudu haijawa sumu kamili. Vimeng'enya vya mdudu mwenyewe, vya jamii ile ile inayovunja pairethroidi, ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika miaka miwili watoto waliotumia vyandarua hivyo walipata malaria kwa asilimia 44 pungufu kuliko waliotumia vile vya pairethroidi pekee. Lakini klofenapiri nayo inateua. Ndiyo sababu vipimo vya mbu wa maeneo yale yale vinarudiwa hata mahali ambapo dawa bado inaua kila mbu, kwa kuwa wachache wa kwanza watakaopona ndio watakaotaga.