Beji za zamani za besiboli: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyoenea kuliko zote miongoni mwa wanaoanza kukusanya beji za zamani za besiboli ya Marekani ni kwamba mwaka uliochapishwa nyuma ya beji ndio mwaka ilipotengenezwa. Ukiigeuza beji ya kiwanda cha Whitehead & Hoag cha Newark, New Jersey, mara nyingi utakuta mgongoni kikaratasi cha mviringo chenye jina la kampuni na tarehe ya 21 Julai 1896, na wauzaji wengi huisoma tarehe hiyo kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Hiyo ni tarehe ya hataza, yaani haki ya kisheria juu ya ubunifu wa kushikiza waya wa pini ndani ya ukingo wa beji, na kampuni iliendelea kuichapa kwa miaka mingi baadaye. Beji yenye tarehe hiyo inaweza kuwa ya 1898, na vilevile inaweza kuwa ya 1910. Yanayosaidia kuamua ni sare aliyovaa mchezaji na miaka aliyoichezea timu iliyotajwa.

Dhana nyingine, ambayo imeharibu beji nyingi, ni kwamba beji chafu husafishwa kwa maji na sabuni. Beji ya seluloidi, yaani plastiki angavu ya zamani, si kipande kimoja: ni kisahani cha bati, juu yake karatasi yenye picha, na juu ya karatasi utando mwembamba wa seluloidi, vyote vikiwa vimekunjwa ukingoni na kubanwa kwa pete ya chuma upande wa nyuma. Ukingo huo hauzuii maji. Unyevu hupenya hapo, hulowesha karatasi na kulifanya bati lishike kutu, kisha doa la rangi ya kahawia hujitokeza pembeni na kutambaa kuelekea usoni mwa mchezaji. Kwa kuwa doa liko chini ya seluloidi, hakuna sabuni wala kitambaa kitakacholifikia, na bei ya beji hiyo huporomoka. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Pale kisipotosha, ni afadhali uchafu ubaki.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuifungia beji ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ndiko kuihifadhi. Seluloidi hutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki na kuchanganywa na kafuri, na inapozeeka hutoa gesi zenye asidi ambazo, zikikosa pa kutokea, huila yenyewe pamoja na chuma kilicho karibu. Inahitaji mahali pakavu, penye hewa, pasipo joto wala jua kali.

Kuhusu bandia, wengi hujifariji kwamba sheria ya Marekani inamlazimu anayetengeneza nakala kuitia alama. Sheria hiyo ipo kweli, nayo ni ya mwaka 1973, lakini inahusu vifaa vya kampeni za siasa pamoja na sarafu na vitu vya jamii yake. Beji ya mchezaji wa besiboli haimo. Ndiyo maana beji za Jackie Robinson, aliyeanza kuichezea timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947 na kuvunja ubaguzi wa rangi uliokuwa umedumu katika ligi kuu kwa miongo kadhaa, zina nakala nyingi sokoni zisizo na alama yoyote. Hapa kuna kosa jingine la kitaalamu nusunusu: kudhani kwamba vitone vikionekana kwa lenzi ya kukuzia, beji ni feki. Uchapaji wa picha kwa vitone ulikuwepo tangu karne ya 19, hivyo vitone peke yake havithibitishi lolote. Mimi hutazama zaidi herufi na mikwaruzo. Nakala iliyopigwa kutoka kwenye beji halisi huwa na herufi zenye kingo zilizofifia, na mara nyingine hubeba doa au mkwaruzo wa beji halisi ukiwa umechapwa kwenye picha, kiasi kwamba unauona mkwaruzo kwa jicho lakini ukipitisha ukucha huusikii. Utepe na kijigongo cha mapambo (mfano mdogo wa gongo la besiboli) kinachoning'inia chini havithibitishi uhalisi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuviongeza.

Tena si kweli kwamba beji isiyo na seluloidi ni ya bandia au ya ovyo. Beji zilizochapwa moja kwa moja juu ya bati zimekuwepo tangu takriban wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na seti ya kampuni ya Topps ya mwaka 1956, yenye beji 60, ni za aina hiyo. Seti hiyo hiyo inaivunja dhana kwamba bei hufuata umaarufu. Ted Williams na Hank Aaron wamo, lakini zinazowasumbua wakusanyaji ni za Chuck Stobbs, Hector Lopez na Chuck Diering. Stobbs, aliyekuwa mrushaji mpira, hukumbukwa zaidi kwa mpira aliourusha ukapigwa na Mickey Mantle, mwaka 1953 jijini Washington, unaosimuliwa kuwa ulifika futi 565; sifa hiyo haiongezi thamani ya beji. Beji yake hulipiwa ghali kwa sababu zilizopatikana ni chache mno kuliko za wenzake, na anayetaka kukamilisha seti hana njia ya kumkwepa.