Usinipe anayepiga kelele za goli, nipe wa meza ya matokeo

Kila mdhamini anayekuja na pesa za kipindi kipya cha chemsha bongo huwa na jina tayari mfukoni, na mara nyingi ni jina la mtangazaji wa mpira. Hoja yake si mbaya. Sauti inajulikana, mtu wa Kayole na wa Kilimani wote wanaitambua kabla ya kuona uso, na mwenyewe anaweza kuongea dakika 90 bila kuchoka. Mimi hutengeneza vipindi vya aina hiyo hapa Nairobi, na jibu langu kwa wadhamini halibadiliki: hizo dakika 90 za kuongea ndizo zinazonitia wasiwasi.

Spoti ina watangazaji wa aina tatu, nasi tunawachanganya. Yuko anayefuata mpira kwa mdomo, pasi kwa pasi. Yuko mchambuzi, mara nyingi mchezaji au kocha wa zamani, anayeingia kueleza kwa nini beki alipitwa. Halafu yuko yule wa studio, wa meza ya matokeo. Huyu ana karatasi mbele yake, prodyuza anamwongelesha sikioni, mechi sita zinachezwa kwa wakati mmoja, mchambuzi hataki kuachia hoja yake na tangazo la biashara linakaribia. Watu hawamsifu sana. Hakuna anayeiga sauti yake kwenye kinyozi. Lakini ukiniambia nichague mwendeshaji wa chemsha bongo bila kunitajia majina, nitamchukua yeye.

Waingereza wamelijaribu jambo hili mara kadhaa kwenye kiti kimoja. Countdown, kipindi cha herufi na hesabu, ndicho kilichofungua kituo cha runinga cha Channel 4 tarehe 2 Novemba 1982, na hadi leo kinaendelea. Richard Whiteley, mwendeshaji wake wa kwanza, alipofariki mwaka 2005, nafasi yake ilichukuliwa na Des Lynam, aliyekuwa uso wa soka la BBC kwa miaka mingi. Mwaka 2009 akaja Jeff Stelling wa runinga ya Sky. Siku hizi yupo Colin Murray, ambaye ameketi sana kwenye studio za spoti za BBC Radio 5 Live. Wote watatu wametoka spoti, na hakuna hata mmoja aliyejipatia jina kwa kutangaza mechi pasi kwa pasi.

Stelling ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Kipindi chake cha Jumamosi pale Sky kilikuwa kitu cha ajabu ukikieleza kwa mtu asiyekijua: wachambuzi wameketi wakitazama mechi kwenye skrini ambazo wewe uliye nyumbani huzioni, na mtangazaji anamrukia yeyote aliyepiga ukelele ili akuambie kilichotokea. Mechi huzioni, unamwona mtu anayeitazama. Ili hilo livutie kwa saa kadhaa, anayeongoza lazima ajue nani ana habari na nani ana kelele tu, amkatize mtu bila kumkera, na wakati huohuo akumbuke msimamo wa ligi ya daraja la nne. Sasa mpeleke mtu huyo Countdown, kwenye saa ya sekunde 30 ambamo washiriki wanakuna vichwa na mwendeshaji hana kazi ila kukaa kimya. Hapati shida yoyote, maana maisha yake yote ya kazi yamekuwa ya kuwasubiri wengine waseme.

Kimya ndiyo bidhaa tunayouza. Swali linaweza kuandikwa na yeyote mwenye kamusi na subira. Kinachomfanya mama aache sufuria jikoni aje kusimama mlangoni ni zile sekunde mshiriki ameshasikia swali na bado hajajibu. Ukizijaza kwa maneno, umeiua pesa yako mwenyewe. Na mtangazaji wa mpira wa redio amefunzwa kinyume kabisa. Redioni ukinyamaza sekunde tano, msikilizaji anadhani betri zimeisha. Utangazaji wetu wa mpira wa Kiswahili umekulia redioni, kwa hiyo hata tunapouhamishia kwenye runinga unakuja na hofu ileile ya kunyamaza. Nimewaona watu hodari wakisimama mbele ya mshiriki anayefikiri na kuanza kumtangaza: anainua mkono, anajikuna shingo, anamtazama mkewe! Maskini mshiriki hata swali amelisahau.

Lipo jambo la pili, nalo watazamaji wengi hawalijui. Chukua Jeopardy!, chemsha bongo ya runinga ya Marekani. Washiriki watatu wana vitufe, na kitufe hakifanyi kazi mpaka mwendeshaji amalize kusoma. Kuna mfanyakazi pembeni ambaye kazi yake ni kusikiliza neno la mwisho kisha kufungua vitufe kwa mkono. Ukibonyeza kabla yake, chako kinafungwa kwa robo ya sekunde, na robo ya sekunde pale ni muda mrefu. Washiriki wazuri huanza kuijifunza sauti ya mwendeshaji: anavuta pumzi wapi, anatua vipi mwishoni mwa sentensi. Kwa hiyo namna ya kusoma ni sehemu ya mchezo wenyewe. Alex Trebek alikuwa mwendeshaji pale tangu 1984 hadi alipofariki Novemba 2020, na usomaji wake ulikuwa tambarare kwa makusudi. Kipindi kimoja kina maswali 61 kama yote yatasomwa, na wao hurekodi vipindi vitano kwa siku moja. Fanya hesabu mwenyewe. Sasa mlete mtu aliyezoea kupandisha sauti winga anapokaribia kisanduku cha hatari. Atapanda kwenye swali la kwanza, atapoa kwenye la tatu, na ikifika kipindi cha nne jioni koo limekauka na washiriki hawajui wabonyeze lini.

Walipokuwa wakitafuta mrithi wa Trebek mwaka 2021 waliwajaribu watu wengi, wakiwemo wa upande wa spoti. Aaron Rodgers, aliyekuwa bado anaichezea Green Bay Packers, timu ya soka la Kimarekani, alipewa wiki mbili mwezi Aprili. Si mtangazaji, lakini alinifundisha kitu. Timu yake ilikuwa imetoka kupoteza mechi ya nusu fainali miezi michache nyuma, baada ya kocha kuchagua mpira upigwe kupita kati ya nguzo badala ya kuendelea kushambulia. Mshiriki mmoja alikosa jibu la swali la mwisho, akaandika badala yake utani wa kuuliza nani aliamua mpira ule upigwe. Rodgers alinyamaza kidogo, akacheka, akaendelea na kipindi. Hakujitetea wala hakutaka kuwa na neno la mwisho. Mtu mwenye mazoea ya kutangaza angekuwa na aya nzima ya kusema pale.

Joe Buck alikuja Agosti mwaka huohuo, naye anaivuruga nadharia yangu kidogo, maana ni mtangazaji wa mechi kabisa, kuanzia besiboli hadi soka la Kimarekani. Kwa maoni yangu alifanya vizuri. Lakini tazama alikokulia: besiboli ya runinga. Kati ya mpira mmoja na mwingine kuna muda mrefu ambamo hakuna kinachotokea, na picha yenyewe inaongea. Mtangazaji wa mchezo ule akijaza kila pengo atachukiwa na nchi nzima kabla msimu haujafika kati. Nadharia yangu basi iko hivi: usiulize kama mtu hutangaza mechi, uliza amezoea kunyamaza kiasi gani.

Kazi hatimaye ilimwendea Ken Jennings, aliyewahi kushinda michezo 74 mfululizo ya kipindi hichohicho mwaka 2004. Hiyo ni njia nyingine ya kumpata mwendeshaji, ila huku kwetu bado hatujawa na mabingwa wa kuwafanyia hivyo.

Jaribio langu kwa anayetaka kazi ni dogo. Nampa kadi ya swali lenye majibu manne, lile sahihi limewekewa alama, namwambia asome. Wenzangu wamegeuka ukutani na wanakisia jibu kwa kusikiliza tu. Mtangazaji mmoja mwenye jina kubwa, ambaye simtaji, alitupa majibu yote. Kila alipofika kwenye lile sahihi sauti ilipanda kidogo, kama kwamba straika ameingia ndani. Hakujua kabisa. Wamarekani waliwahi kuona kichefuchefu cha majibu kuvuja, ingawa wao walivujisha kwa kukusudia: kipindi cha Twenty-One kiliwapa washiriki majibu kabla, bingwa wake Charles Van Doren akakiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959, na mwaka uliofuata sheria ikafanya upangaji wa aina hiyo kuwa kosa. Sisi hatuhitaji njama ili kufika huko, sauti moja isiyotulia inatosha. Ndiyo maana Who Wants to Be a Millionaire? haimwonyeshi mwendeshaji jibu mpaka mshiriki afunge lake. Hata kwenye vipindi vyetu vidogo nafanya hivyo, haijalishi namwamini mtu kiasi gani.

Kwa upande wa Kenya, mtu ambaye angeifanya kazi hii bila kufundishwa tumemzika Februari 2025. Leonard Mambo Mbotela alitangaza mpira kwa kizazi kizima, na kwa hesabu yangu ya aina tatu angekuwa yule wa kwanza, wa pasi kwa pasi. Lakini tangu 1966 alikuwa na kipindi cha Je, Huu ni Uungwana?, na kipindi hicho kimejengwa juu ya swali. Anakusimulia tabia ya mtu, anakupeleka mpaka ukingoni, halafu anakuuliza wewe. Hakujibu kwa niaba yako. Msikilizaji alibaki akibishana na mumewe au na abiria mwenzake kwenye basi. Sijui mafunzo bora zaidi ya chemsha bongo kuliko hayo, na namshangaa kila prodyuza wa zamani ambaye hakumkabidhi kadi za maswali na hadhira ya moja kwa moja.

Walioko sasa? Jacob "Ghost" Mulee watu wanamtaja kila wakati. Aliipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia, na asubuhi yuko Radio Jambo na Gidi, ambako kwenye Patanisho mtu hupiga simu akiomba kupatanishwa na mpenzi wake hewani. Kicheko chake kinajulikana kuliko nyuso za mawaziri wengi. Chemsha bongo kali singempa, kicheko hicho kitawabomoa washiriki. Mchezo wa familia dhidi ya familia, wenye shangazi na wajomba wanaozozana, ningempa leo. Ni nafasi kama ya Michael Strahan, mchezaji wa zamani wa New York Giants na mchambuzi wa Fox, ambaye mwaka 2016 alianza kuendesha The $100,000 Pyramid, mchezo wa kukisia maneno, kwa uchangamfu wake tu, na inatosha.

Salim Kikeke, mwenzetu wa Tanzania aliyejulikana kwenye Dira ya Dunia ya BBC, ningemwita kwa chemsha bongo ya Kiswahili ya Afrika Mashariki nzima. Anaipenda soka waziwazi, lakini mikono yake ni ya meza ya habari. Baraka Mpenja wa Azam TV? Hapana, mwacheni uwanjani. Anachokifanya pale hakiwezi kubebwa na kadi ya swali. Carol Radull amepitia studio za spoti za Nairobi zilizojaa wanaume kwa miaka mingi, na mtu wa namna hiyo hatishwi na mshiriki anayebishia jibu, jambo linalotokea kila wiki.

Waihiga Mwaura ndiye jibu langu la kweli kwa kipindi kigumu. Alianzia spoti Citizen TV, akahamia habari, mwaka 2018 akashinda tuzo ya Komla Dumor ambayo BBC huwapa wanahabari wa Afrika. Ana utulivu ninaoukumbuka kwa John Sibi-Okumu, aliyeendesha yale mashindano ya chemsha bongo ya vyuo vikuu vya Afrika ya kampuni ya simu ya Celtel, baadaye Zain. Sibi-Okumu ni mwalimu na mwigizaji, si mtu wa spoti, na kila ninayemjaribu namlinganisha naye hata asipojua.

Kuna kipaji kimoja ambacho watu wa spoti wanatushinda sote: majina. Aliyesoma orodha ya wachezaji kila wiki hatamwita Chepkoech vibaya mbele ya mamake aliyefunga safari kutoka Bomet, wala hatasita kwenye jina la Kisomali au la Kijaluo. Wasanii wa vichekesho, ambao wadhamini huwapenda baada ya wa mpira, hugeuza jina geni kuwa utani. Hilo mimi sikubali.

Mkataba nao una mambo yake. Baadhi ya watangazaji wa spoti ni sura za kampuni za kamari, na mtu anayewaambia vijana waweke mkeka saa mbili usiku siwezi kumweka saa tatu agawe zawadi za maarifa kwa wanafunzi. Kifungu hicho naweka mapema, na wengine hapo ndipo wanapoaga.

Halafu ratiba. Lynam aliacha Countdown mwisho wa 2006, na safari za kutoka kusini mwa Uingereza hadi studio ya Leeds zilichangia. Sisi Leeds yetu ni kalenda ya soka. Jumamosi na Jumapili mtu wa spoti humpati. Jumanne na Jumatano usiku ana Ligi ya Mabingwa, ambayo kwa saa zetu huisha kati ya saa sita na saa saba, kwa hiyo asubuhi yake anakuja na macho mekundu na taa za studio hazifichi kitu. Nimebaki na Jumatatu, na kukodi studio siku hiyo ni bei ileile ya siku nyingine.